Nusu Saa Iliyochukua Miaka Mia Moja

Kuna stori moja wapenzi wa muziki huipenda sana, na labda ushaisikia. Septemba 1992, Mmarekani mmoja na Mhindi mmoja wanakutana kwa kanisa dogo kule Santa Barbara, California. Hawajawahi kuonana. Hakuna mazoezi, hakuna nota zilizoandikwa, hakuna mpango. Wanasalimiana, wanapiga stori kama nusu saa hivi, wanakaa chini, maikrofoni zinawashwa. Kinachotoka hapo ni albamu inaitwa A Meeting by the River, na mwaka wa 1994 inashinda Grammy. Watu wanapiga makofi, mtu anaandika ati muziki ni lugha ya dunia, anaweka emoji ya mikono imeshikana, kwisha.

Manze, hiyo stori inanikera. Na si uongo, hiyo ndiyo shida yenyewe. Nusu saa ni kweli. Lakini ukianzia hesabu kwa hiyo nusu saa, umefuta karibu miaka mia moja ya kazi ya watu wengine, na wengi wao majina yao hata hujawahi kuyasikia.

Nakuambia kwa nini inanigusa. Mimi kazi yangu ni kutengeneza video. Chuo niliacha mwaka wa pili, hiyo mnajua. Mwaka jana kampuni moja, sitaitaja, ilitaka video ya dakika moja ya muziki wa mchanganyiko: kijana wa gitaa, mpiga tabla, na mzee wa taarabu kutoka Pwani. Tulipewa masaa mawili. Kijana wa gitaa alitumiwa pesa kabla hajafungua mfuko wa gitaa lake. Mzee aliambiwa angojee, na niliposukuma nikajibiwa hivi: "Huyu si anapiga tu vile amezoea." Yaani miaka arobaini ya mkono wa mtu inaitwa kuzoea. Ya mwingine inaitwa kipaji, na inalipwa mapema.

Basi hebu turudi kwa lile kanisa, halafu turudi nyuma zaidi.

Mmarekani ni Ry Cooder, mzaliwa wa Los Angeles, 1947. Kama umewahi kuona ile filamu Paris, Texas ya 1984, lile gitaa linalolia jangwani ni lake. Ni mtu wa nyimbo za zamani za Marekani: blues, gospel, nyimbo za mashambani, za wakulima na za wasafiri. Hupiga gitaa akiwa amevaa shingo ya chupa kidoleni, anaitelezesha juu ya nyuzi badala ya kuzibana. Mhindi ni Vishwa Mohan Bhatt wa Jaipur, Rajasthan, kaskazini mwa India, mzaliwa wa 1950, mtoto wa familia ya wanamuziki. Yeye pia anapiga gitaa. Analilaza mapajani na kutelezesha chuma juu ya nyuzi.

Umeona? Wageni wawili kutoka pande mbili za dunia, na wote wanatelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi za gitaa. Watu wanaita hiyo bahati. Mimi naita undugu, na ukoo wao unaanzia Hawaii.

Gitaa lilifika Hawaii kwa sababu ya ng'ombe. Miaka ya 1830 ng'ombe walikuwa wamezidi huko visiwani, na ufalme ukaita wachungaji wa farasi kutoka Mexico waje wafundishe wenyeji kuwadhibiti. Wakaja na magitaa. Wahawaii wakalichukua gitaa wakalifungua upya, wakabadilisha urefu wa sauti za nyuzi hadi ukilipiga bila kubana kitu chochote linatoa sauti zinazopatana zenyewe. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1880 kijana wa shule anaitwa Joseph Kekuku, wa kisiwa cha Oahu, akaanza kutelezesha chuma juu ya hizo nyuzi. Inasimuliwa kwamba alikuwa anatembea kando ya reli akaokota bolti, ikagusa gitaa, ikatoa sauti iliyomshtua. Akiwa shule ya Kamehameha akajichongea chuma chake katika karakana. Sasa cheki hii: kuna maelezo mengine ya zamani yanayosema kabla ya Kekuku kulikuwa na kijana mzaliwa wa India, Gabriel Davion, aliyefikishwa Honolulu na meli, naye alikuwa anatelezesha kitu juu ya uzi wa gitaa. Kama ni kweli, basi hii stori ilianza na Mhindi na ikamalizikia kwa Mhindi. Siwezi kukuapia. Naiweka hapo tu uilale nayo.

Chenye naweza kukuapia ni hiki. Mwaka 1893 wafanyabiashara wazungu, wakiungwa mkono na wanajeshi wa Marekani, walimpindua malkia wa Hawaii, Liliʻuokalani, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa nyimbo. Mwaka 1898 Marekani ikazimeza hizo visiwa. Kekuku aliondoka kwenda bara mwaka 1904. Na mwaka 1915 kulikuwa na maonyesho makubwa San Francisco, banda la Hawaii likawa gumzo, na mwaka uliofuata rekodi za muziki wa Hawaii zikawa zinauzwa Marekani kuliko aina nyingine zote. Nchi ya watu imechukuliwa, muziki wao unachezwa sebuleni kwa waliochukua. Sisi wa huku hiyo hesabu tunaielewa bila kuelezwa mara mbili.

Kuhusu blues, mabingwa hawakubaliani. Mtunzi W. C. Handy aliandika kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwa stesheni ya Tutwiler, Mississippi, alimwona mtu mweusi akibonyeza kisu juu ya nyuzi za gitaa, kama wafanyavyo watu wa Hawaii. Wengine wanasema kisu hicho hakikutoka Hawaii kabisa, kilitoka Afrika Magharibi na vile vyombo vya waya mmoja ambavyo watoto weusi wa kusini walikuwa wakijitengenezea ukutani. Mimi naona zote mbili zinaweza kuwa kweli. Mtu husikia kitu cha jirani anakipenda kwa sababu tayari alikuwa na chake kinachofanana.

Na hiyo ndiyo hasa iliyotokea India.

Bendi za Hawaii zilikuwa zinazunguka dunia kwa meli, na moja ilikuwa na kijana anaitwa Tau Moe, mzaliwa wa Samoa aliyelelewa Hawaii. Alipiga India mwaka 1929. Miaka ya 1940 yeye na familia yake waliishi kabisa Calcutta, akipiga, akifundisha, hata akiuza magitaa. Mwanafunzi wake mmoja, Garney Nyss, alikuwa na bendi yake ya Aloha Boys, Wacalcutta wanaopiga muziki wa Hawaii, na wakawa wanasikika redioni. Kutoka hapo gitaa la Hawaii likaingia filamu za Bombay, likaingia nyimbo za Tagore sebuleni kwa Wabengali. Miaka ya hamsini na sitini kijana wa Calcutta kujifunza gitaa la kulaza lilikuwa jambo la kawaida tu.

Kwa nini India ililikubali haraka hivyo, wakati piano waliiacha kando kwenye muziki wao wa kiasili? Piano ina vidole vyake, sauti moja ikikatika nyingine inaanza. Muziki wa kaskazini mwa India haukati hivyo. Raga si orodha ya nota tu, ni njia. Kutoka nota hii kwenda ile unapitia wapi, unakawia wapi, unagusa nini ukipita: hapo ndipo utamu ulipo, na huo mteremko wanauita meend. Gitaa la kawaida lina vile vyuma vidogo vinavyokata shingo yake, na vinakulazimisha uruke ngazi kwa ngazi. Ukitelezesha chuma juu, ngazi zinapotea, unapata mlima laini. Ndani ya India kwenyewe kulikuwa na vyombo vya zamani vinavyopigwa kwa kutelezesha, kama vichitra veena huko kaskazini. Kwa hivyo gitaa la Hawaii lilipofika lilikuwa kama binamu wa ng'ambo: sura ngeni, sauti ya nyumbani.

Lakini muziki mzito, ule wa ustadh, bado ulilikataa. Gitaa lilikuwa la filamu na la kujiburudisha. Aliyevunja mlango ni Brij Bhushan Kabra, mzaliwa wa Jodhpur, 1937. Alienda kwa bingwa wa sarod, Ali Akbar Khan, akajifunza raga vizuri, kisha akaipiga raga nzima kwa gitaa la kulaza. Mwaka 1967 yeye, Shivkumar Sharma wa santoor na Hariprasad Chaurasia wa filimbi walitoa Call of the Valley, albamu inayofuata siku moja ya mchungaji na mpenzi wake, asubuhi hadi usiku, kila raga na saa yake. Ile albamu ilisambaa hadi kwa Wazungu waliokuwa wanawapenda Wahindi kipindi hicho. Isikize usiku ukiwa umezima taa. Hutanilaumu.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa mzee mmoja, kwa sababu kila kamba ya hii stori inapita mkononi mwake. Anaitwa Allauddin Khan, alifariki 1972. Aliishi mji mdogo wa Maihar, mwalimu wa muziki wa mfalme wa huko. Alikuwa Mwislamu aliyemwimbia mungu wa kike wa Kihindu kwa hekalu la mlimani, na mwalimu mkali hadi wanafunzi walikuwa wanatoroka. Mwanawe ni Ali Akbar Khan, yule aliyemfundisha Kabra. Mwanafunzi wake ni Ravi Shankar, na Ravi Shankar ndiye aliyemfundisha Bhatt. Yaani wote wawili, Kabra na Bhatt, gitaa lao la kigeni lilipitia nyumba moja.

Na huyo mzee wanayemwita nguzo ya mila alikuwa amechanganya mambo kuliko sisi sote. Ile homa ya 1918 ilipoua watu na kuacha watoto yatima Maihar, aliwakusanya hao watoto akawaundia bendi. Iliitwa Maihar Band. Walipiga sitar na tabla, ndiyo, lakini pia fidla na selo kutoka Ulaya. Na kwa sababu mzee alikuwa hana breki, alichukua mitutu ya bunduki kutoka ghala la silaha la mfalme, akaikata kwa urefu tofauti, akaipanga safu, ikawa chombo cha kugonga. Alikiita nal tarang. Mayatima wanapiga raga kwa bunduki zilizokatwa, kwa mji ambao hata Wahindi wengi hawakuujua. Hiyo ilikuwa zaidi ya miongo saba kabla ya Cooder na Bhatt kupewa tuzo yao. Sijui kama hilo halitoshi kuwa filamu.

Ravi Shankar alipofika kwa Allauddin mwaka 1938 alikuwa kijana wa miaka kumi na minane aliyekuwa amezunguka Ulaya na kundi la ngoma la kaka yake Uday, nguo safi, hoteli, umaarufu. Akaacha hayo yote akaenda kulala kwa kitanda cha kamba Maihar, karibu miaka saba. Kwa mila zao, mwalimu akikukubali anakufunga uzi mkononi, na huo uzi si mapambo. Unafanya kazi nyumbani kwake, unasikiza kabla ya kupiga, unarudia kitu kimoja hadi jua linazama. Hakuna cheti. Nawaambia hii hasa nyinyi mnaonitumia ujumbe mkisema "hata wewe uliacha chuo na uko sawa". Kuacha chuo ni kuacha jengo. Watu tunaowazungumzia hapa wengi hawakupitia hilo jengo, lakini shule walienda, na ilikuwa ngumu kuliko ya kwetu.

Bhatt sasa. Nyumbani kwao muziki ulikuwa kama chakula. Akachukua gitaa la tumbo lililobinuka, lile la wapigaji jazi, akaanza kulikarabati. Akaongeza nyuzi hadi zikawa 20: tatu za kupiga wimbo wenyewe, tano za mvumo, na kumi na mbili ambazo kazi yao ni kuitikia. Hizo za mwisho zimekaa chini ya zingine. Ukipiga nota juu, ule uzi wa chini uliofungwa kwa sauti hiyo hiyo unatetemeka wenyewe, na ndiyo unasikia kama kuna mtu anaimba nyuma ya ukuta. Ni siri ile ile ya sitar. Shingo ilibidi iwe na nguvu zaidi kwa sababu nyuzi ishirini zinavuta vibaya. Akakiita Mohan Veena, kwa jina lake la kati. Kwa hivyo alipoingia kanisani Santa Barbara alibeba chombo ambacho ni Mexico, ni Hawaii, ni Calcutta, ni Maihar, ni Jaipur, vyote kwa mfuko mmoja.

Na Cooder je? Yeye pia hakuja mikono mitupu. Miaka ya sabini alienda Hawaii kutafuta wazee, akapiga na Gabby Pahinui, mmoja wa magwiji wa gitaa wa visiwa hivyo. Walitoa albamu pamoja mwaka 1975, na mwaka uliofuata Pahinui akatokea kwa albamu ya Cooder, Chicken Skin Music. Yaani mmoja alikuwa amelifuata gitaa hadi Hawaii, mwingine Hawaii ilikuwa imemfuata hadi kwao. Ile nusu saa ilikuwa ya kutajiana majina ya babu.

Aliyewakutanisha ni Kavichandran Alexander, mzaliwa wa Sri Lanka, mwenye studio ndogo inaitwa Water Lily Acoustics. Alikuwa mtu wa sauti safi hadi kupitiliza: kanda ya kawaida, vikuza sauti vya taa za zamani, maikrofoni chache, wanamuziki wanakaa karibu, na kanisa lenyewe linakuwa sehemu ya bendi. Hakuna kukata na kubandika baadaye. Ukiisikiza na vipokea sauti vizuri unaweza kunyoosha kidole uonyeshe nani amekaa wapi.

Nyimbo ni nne tu, kama dakika arobaini zote. Ya tatu inaitwa Ganges Delta Blues, na huo ni utani: blues ya delta ni ya Mississippi, wao wameihamishia delta ya mto Ganges. Cha kusikiza ni vile Cooder anajizuia. Nyimbo za Kimagharibi huhama. Gitaa linabadilisha msingi, unaenda, unarudi. Raga haihami hivyo, inakaa juu ya mvumo mmoja kama nyumba juu ya msingi, na safari yote iko juu. Blues ya kale kabisa, ile ya mtu mmoja na gitaa lake, nayo mara nyingi inakaa tu. Kwa hivyo Cooder akaenda mahali pa ndani zaidi pa muziki wake, pale panapofanana na pa mwenzake, akabaki hapo. Wapigaji wengi wa kolabo hufanya kinyume. Kila mtu anabeba kile kinachomtofautisha, wanavirusha mezani, wanaita mchanganyiko. Ile inakuwa kachumbari, haijawahi kuwa mchuzi.

Wapo wengine wawili kwa hicho chumba. Anayepiga tabla ni Sukhvinder Singh Namdhari, na kama umewahi kujaribu kufuata tabla ya mtu anayeijua, unajua huyo ndiye aliyekuwa anashika usukani. Wapigaji wawili hawajawahi kufanya mazoezi, nani anawaambia tuko wapi? Tala ni duara la mapigo, la kawaida kabisa ni 16, na kila mtu anaweza kupotea anavyotaka mradi arudi pigo la kwanza kwa wakati. Anayekurudisha ni tabla. Wa pili ni Joachim Cooder, mtoto wa Ry, miaka 14, amekaa na ngoma ya dumbek. Kwa jalada mbele kuna majina mawili: Ry Cooder na V. M. Bhatt. Mpiga tabla hayuko mbele. Ndiyo hapo namkumbuka yule mzee wangu wa taarabu.

Tuzo yenyewe ilikuwa ya "muziki wa dunia", na hilo jina lina umri mdogo kuliko unavyofikiria. Tarehe 29 Juni 1987 watu wa kampuni ndogo za rekodi walikutana kwa baa moja London, Empress of Russia, mtaa wa Islington. Shida yao ilikuwa ya duka: rekodi za Mali, Bulgaria, India na Zimbabwe zilikuwa zinawekwa popote, wateja hawazipati. Wakachanga pesa, wakakubaliana jina moja la kuandika kwa kile kibao cha rafu. Ni hivyo tu. Lilisaidia kuuza, sikatai. Lakini rafu ikaanza kuwa bara. Grammy wakaanzisha tuzo yake, ikatolewa mara ya kwanza 1992, na aliyeibeba ni Mickey Hart, mpiga ngoma Mmarekani wa Grateful Dead, na albamu ya Planet Drum. 1994 Cooder na Bhatt. 1995 Cooder tena, safari hii na Ali Farka Touré wa Mali, kwa Talking Timbuktu.

Sisemi Cooder ni mwizi. Ukisikiza anavyomwachia mwenzake nafasi utajua anaheshimu. Touré mwenyewe alikuwa anawaambia watu waziwazi kwamba hiyo wanayoita blues anaijua ni ya kwao, alirudi kulima kwake Niafunké, na 2004 akawa meya wa huko. Huwezi kumwambia mtu kama huyo ametumiwa. Ninachosema ni kwamba mlango wa hilo duka ulikuwa unafunguka haraka zaidi ukija umeshikwa mkono na Mmarekani. Mwaka 2020 Grammy wakabadilisha jina, wakaacha neno lile, wakasema "global". Rafu ni ile ile, kibao kipya.

Na sisi hatuko nje ya hii stori. Kule Leopoldville, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Zacharie Elenga alifungua gitaa lake kwa mtindo wa Hawaii na akawa maarufu hadi jina la usanii likawa Jimmy wa Hawaii. Hapa Mombasa, taarabu ya kwetu ilichukua tabla kwa Wahindi, na ikachukua taishokoto, kile chombo cha vitufe kama vya taipureta kilichoundwa Japani mwaka 1912, kikapitia India, kikatua Pwani. Marehemu Juma Bhalo alikuwa anachukua tuni za filamu za Kihindi anatia mashairi ya Kiswahili ya kiwango cha juu, na harusi zikawa zinamgombania. Bibi zenu wanazijua hizo nyimbo kwa moyo. Hakuna aliyekutana na mwenzake nusu saa kwa kanisa. Walikuwa majirani, walienda sinema moja, walinunuliana viungo. Hakuna Grammy iliyokuja Kuze wala Kibokoni kuuliza.

Yule mzee wa video yetu alilipwa hatimaye, wiki tatu baadaye, na alilipwa nusu ya kijana wa gitaa. Chombo chake ni hiyo taishokoto. Tulipokuwa tunangoja taa zipangwe alimwonyesha mpiga tabla kipande fulani, na mpiga tabla, ambaye babake alikuwa akiimba hekaluni Ngara, akacheka akasema hiyo ni raga, akaitaja jina. Mzee akasema hapana, hiyo ni ya harusi. Wakaipiga pamoja mara tatu. Hiyo haikuingia kwa video kwa sababu kamera ilikuwa haijawashwa na mteja alikuwa anataka kitu chenye mdundo.

Ukitaka kusikiza, anza na Call of the Valley, halafu A Meeting by the River. Ukipenda, Alexander aliendelea kuwakutanisha watu: kuna Mumtaz Mahal ya Taj Mahal akiwa na Bhatt na N. Ravikiran, na kuna Tabula Rasa yenye Béla Fleck wa banjo. Halafu mtafute Debashish Bhattacharya wa Calcutta, mwanafunzi wa Kabra, anayejiundia magitaa yake mwenyewe hadi leo.

Wimbo wa mwisho kwa ile albamu ya kanisani si wa India wala wa Marekani. Ni Isa Lei, wimbo wa kuagana kutoka Fiji, visiwa vingine vya Pasifiki, ambako Waingereza walianza kupeleka Wahindi kulima miwa mwaka 1879, miaka kumi na saba kabla ya kuanza kuwaleta wengine huku kujenga reli ya kutoka Mombasa. Hakuna anayeimba. Gitaa la chupa linaanza, lile la nyuzi ishirini linaitikia.